FARDHI ILIYO SHINGONI MWETU KWA NCHI YETU

 

Usiku mmoja, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tukisoma katika Minhaj ya Imamu Nawawi mlango wa Siyar, pale zinapotajwa fardhi za kifaya. Kijana mmoja, naye ni mwenye adabu na kazi yake ni ya mshahara, aliinua mkono akasema: "Maalim, niwie radhi. Mimi nalipa kodi. Katika mshahara nakatwa, na hata nikinunua sabuni dukani humo mna fungu la serikali. Basi mtaro wa mtaani kwetu ukiziba, maji machafu yakamwagika njiani, nami nikapita nikaenda zangu, je, nina dhambi? Au dhambi ni yao wale waliopokea pesa zangu?"

Wako waliocheka, wakidhani ni mzaha. Sisi hatukucheka, wala usiku ule hatukumjibu, ila tulimwomba atupe muhula. Kwani suala lake, ukilitazama vizuri, si la mtaro. Lauliza nchi ni ya nani, na raia aliyekwisha toa chake adaiwa nini tena. Na twaona kuwa miji yetu hii ya pwani, kutoka Vanga hata Lamu, imekaa siku nyingi juu ya jawabu lisilo sawa la suala hilo, bila ya kuliuliza.

Kwanza tuliweke neno la wanazuoni mahali pake. Fardhi ni za namna mbili. Iko fardhi ya aini, imlazimuyo kila mtu kwa nafsi yake, kama Sala tano na Saumu ya Ramadhani. Hapana amtekelezeaye mwenziwe. Na iko fardhi ya kifaya, yaani ya kutosheleza, ambayo wakiitenda watu wa kutosha huwaondokea waliobaki, kama kumwosha maiti na kumsalia na kumzika. Haya ayajua kila mtoto wa chuoni. Lakini watu wa miji hii tumeishika nusu ya maneno hayo, na nusu ya pili tumeiacha kitabuni. Tumehifadhi kuwa wakitenda wengine sisi twaondokewa. Tumesahau kuwa asipotenda hata mmoja, dhambi huwaenea wote walio na khabari na uwezo. Maiti akilala siku mbili hajazikwa, hapana mtu mtaani atakayesema, "Mimi simo, iko kamati ya mazishi." Wote tutaona haya kutazamana. Lakini mtaro ukilala miaka miwili hauna wa kuuzibua, kila mmoja wetu asema yumo mwingine.

Na fardhi hizi za kifaya si za mazishi peke yake, kama wengi wanavyodhani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amezihesabu humo kazi za mikono na ufundi na kila ambacho maisha ya watu hayatimii bila ya hicho. Akahesabu pia kuwaondolea Waislamu madhara, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa. Na hapo ametia sharti ambayo kijana wetu yampasa aisikilize kwa masikio mawili: fardhi hiyo huwaangukia wenye uwezo pale ambapo madhara hayakuondoka kwa mali ya Zaka wala kwa Baitul-mali. Basi tazama, ndugu msomaji. Imamu ajua kuwa iko hazina ya umma, na ajua kuwa kazi ni ya hazina kwanza. Lakini hakusema kuwa hazina ikishindwa, au ikiibiwa, au ikilala usingizi, mwenye njaa na aachwe mpaka hazina iamke. Amesema jambo linarejea kwa watu. Kodi yako, basi, haikuondolei fardhi. Yakuondolea tu pale ambapo kodi hiyo imeifanya kazi.

Yuko na Imamu wa Haramaini, Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478, ambaye amekwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake kiitwacho Al-Ghiyathi aona kuwa mwenye kuisimamia fardhi ya kifaya huenda akapata daraja kubwa kuliko wa fardhi ya aini, kwani huyu wa pili aiokoa shingo yake peke yake, na yule wa kwanza auvua mzigo katika shingo za umma mzima. Na mwanafunzi wake, Imamu Ghazali, amelalamika katika Ihya juu ya watu wa zama zake: mji umejaa wanaosongamana katika elimu ya fikihi na mabishano yake, na tabibu hapatikani humo ila asiyekuwa Mwislamu. Ghazali alikufa mwaka 505, ambao ni mwaka 1111 wa Kizungu. Lau angelipita katika miji yetu leo angelikuta watu mia wawezao kubishana juu ya kuandama kwa mwezi mpaka sauti zikakauka, na asingelimwona mmoja awezaye kuisoma hesabu ya matumizi ya kaunti yake. Hatusemi mwezi usitazamwe. Twasema una watazamaji wa kutosha.

Sasa turejee kwa kijana na kodi yake, kwani hoja hii ndiyo isikikayo zaidi barazani, penye kahawa.

Mtume (S.A.W.) amepiga mfano, nao umo katika Sahihi ya Bukhari kwa mapokezi ya Nuuman bin Bashir (R.A.), wa watu waliopanda chombo kimoja wakapiga kura; wengine wakapata juu na wengine wakapata chini. Wa chini wakitaka maji hupanda kwa wa juu. Wakasema kuwa lau tutatoboa tundu katika sehemu yetu, hatutawaudhi walio juu yetu. Basi wakiachwa na matakwa yao huangamia wote, na wakishikwa mikono huokoka wote.

Sisi ni watu wa bahari, mfano huu hatuhitaji kufasiriwa. Lakini tuutazame kwa jicho la abiria. Chombo chavuja. Maji yamejaa ngama. Mabaharia wachache wafua maji, na upo ni mmoja. Yuko mtu amekaa juu ya mzigo wake, akiambiwa, "Bwana, shika nawe ufue," ajibu, "Mimi nimelipa nauli." Amesema kweli: amelipa. Na nahodha ni mkosa, kwani alichukua nauli asikalafati chombo. Yote hayo ni haki ya abiria, na akifika bandarini amshitaki. Lakini bandarini afike kwanza. Bahari haitamwuliza cheti cha nauli.

Na lipo jambo jingine ndani ya mfano huo ambalo wahubiri wachache hulitaja. Wale wa chini hawakuwa waovu. Walitaka maji ya kunywa, na walitaka wasiwaudhi wakubwa wao. Inaonesha kuwa kupanda kwao kila mara kulikuwa na uzito, na walio juu hawakuwatengenezea njia nyepesi ya kupata haki yao. Kwa hivyo mfano huu hauwapi nafasi watawala wakasema, "Nyinyi wa chini msitoboe," kisha wakakaa na mapipa ya maji. Kumshika mkono atoboaye ni wajibu. Na kumpa maji kabla hajashika patasi ni wajibu mkubwa zaidi.

Isije ikaonekana kuwa twawahubiri wengine. Yatupasa tuseme yaliyotupata sisi wenyewe, japo si ya kupendeza.

Baina ya nyumba yetu na msikiti upo mtaro uliozibwa kwa muda mrefu. Barua mbili zilipelekwa ofisini, na majibu hayakuja. Sisi kila alfajiri tulikuwa tukiikusanya kanzu tukauruka, tukaingia msikitini tukatawadha vizuri, tukasoma darsa ya tohara. Masika yakaja. Usiku wa mvua kubwa maji yalirudi nyuma yakaingia chumbani kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye riziki yake ni kupika mahamri. Yakaharibu godoro lake na unga wake wote wa wiki ile. Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu: "Maalim, kila alfajiri nalikuwa nikisikia miguu yako ikiruka hapa nje. Nami nalikuwa nikisema moyoni, maadamu maalim aruka, basi huenda kusafisha si lazima."

Tumesoma vitabu vingi, na tumepata kukosolewa na wakubwa wetu katika elimu. Hatujapata neno lililotuingia kama lile. Mama yule alikuwa akitufuata kama wafuasi wanavyomfuata imamu. Tulikuwa tukitoa fatwa kwa miguu yetu, nayo ilikuwa fatwa ya batili.

Siku ya pili vijana sita wa darsa walishika majembe baada ya Sala ya Alfajiri, na kabla ya saa tatu maji yalikuwa yakipita. Yaliyotolewa humo hayakutoka ofisini: chupa, vifuu vya nazi, nepi za watoto, vitambaa, magunia, na mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga akaona uvivu wa kuuzoa. Vyote ni vyetu. Tena ilionekana nyumba moja imeelekeza bomba la choo humo humo. Twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya mambo mawili yaletayo laana, kwenda haja katika njia ya watu au katika kivuli chao, na sijui mwenye bomba lile aliisikia mara ngapi katika khutba. Sisi tumeisoma juu ya mimbari si mara moja.

Msomaji asidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Haukupita mwezi mmoja na nusu mtaro ulijaa tena, kwani watu waliona kuwa wako vijana wa kuusafisha. Ndipo ikabidi zamu, kila nyumba na wiki yake. Nyumba mbili zimekataa hata leo. Mmoja wa wenye nyumba hizo, naye ni rafiki yetu wa tangu chuoni, alitwambia maneno ambayo hatuwezi kuyapuuza, kwa sababu si yake peke yake. Alisema: "Nchi hii si yetu. Iwapo wenyewe hawaitaki, mimi ni nani niwasafishie?"

Hapa kalamu yetu yataka kwenda polepole. Malalamiko ya watu wa pwani si ya kubuni. Ukanda wa maili kumi ulitawaliwa na Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895 na Sultani wa Zanzibar, na ukatiwa katika Kenya kwa mapatano ya mwezi wa Oktoba 1963, na katika yote mawili mwenye shamba na mwenye mashua hawakuulizwa sana. Mambo ya ardhi wayajua hata watoto: mtu azaliwa juu ya mchanga, azeekea juu yake, naye aitwa skwota. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya mwaka 2013 imeyataja madhila haya. Basi mwenye kumwambia mtu wa pwani "nyamaza, fanya kazi" hakumtendea uadilifu, nasi hatusemi hivyo.

Lakini twauliza: mwenye kudhulumiwa shamba lake, je, huacha kulipalilia ili hoja yake ipate nguvu? Mwenye kudai nyumba mahakamani, huipasua dari yake kwa mikono yake? Atakaye kuthibitisha kuwa kitu ni chake hukitunza, na majirani wakashuhudia kuwa kila siku alionekana akikitunza. Anayesema "si yetu" kwa hasira, akaiacha ioze, amemtilia sahihi yule aliyemdhulumu.

Tena twatazama mwendo wa Mtume (S.A.W.) na Wahajiri. Wao walitolewa Makka kwa dhuluma, nyumba zao zikachukuliwa, wakaingia Madina nao si wenyeji. Na Madina wakati ule ulikuwa mji wa homa. Abubakar (R.A.) na Bilal (R.A.) waliugua humo, na Bilal alikuwa akiyakumbuka mabonde ya Makka na majani yake kwa sauti ya huzuni. Basi Mtume (S.A.W.) alimwomba Mola wake awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na autie mji ule siha. Hakuomba kisha akakaa. Aliwawekea watu soko. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawaachia watu wanywe bure. Na ulipofika wakati wa handaki, Mtume mwenyewe alibeba mchanga mpaka vumbi likafunika ngozi ya tumbo lake. Wale walikuwa wageni wa miaka michache katika mji ule. Sisi hapa makaburi ya babu zetu hatuwezi kuyahesabu. Ikiwa mgeni amechimba, mwenyeji atoe udhuru gani?

Na kwa kuwa tumetaja kupenda nchi, tuseme neno juu ya msemo usemwao sana majukwaani kuwa kupenda watani ni katika imani, ukanasibishwa kwa Mtume (S.A.W.). Hiyo si hadithi iliyothibiti. As-Saghani ameihesabu katika zilizozuliwa. Maana yake wako wanazuoni walioiona nzuri, lakini uzuri wa maana haumpi mtu ruhusa ya kumsingizia Mtume, wala hatuna haja nayo hali ya kuwa tunazo sahihi. Inatosha ile ya Sahihi Muslim, kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Watu wengine wakisikia "chini kabisa" hulidharau. Lakini daraja ya chini ndiyo apandiayo mtu. Ambaye hata hiyo hajaikanyaga, na aseme yuko wapi.

Twende sasa kwenye fahari, kwani watu wetu si wakosefu wa fahari. Huenda ikawa wamezidi. Keti barazani usikilize. Utaambiwa kuwa miji hii ilikuwa na nyumba za mawe na vyoo vya ndani, na visima na birika, wakati ambapo miji mikubwa ya leo ya bara haijakuwako. Ni kweli. Utaambiwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umeandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Mombasa mwaka 2011. Ni kweli pia, ingawa yatushangaza kidogo kuona watu wajivunia ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, kwa kuwakandamiza babu zao, na hapo hapo visima walivyochimba babu wenyewe kwa ajili ya Mungu vimegeuzwa majaa. Na mtu akisema kuwa vitu hivi vyatengenezwa na serikali na mashirika ya Ulaya, utamwona ametulia kana kwamba hilo nalo ni la kujivunia.

Fahari ya namna hii dini yetu haiithamini. Mtume (S.A.W.) ametuonya tusijifakhiri kwa baba na babu, na akatufundisha kuwa ambaye amali yake imemchelewesha, nasaba yake haitamfikisha mbele. Je, basi, mtu asione fahari kabisa kwa mji wake? Sisi twaona iko fahari nyingine, nayo yajulikana kwa alama moja: kuwa ina haya. Mwanamke mwenye kuionea fahari nyumba yake ndiye aonaye haya mgeni akiikuta haijafagiliwa. Asiyeona haya, hata akasema mara ngapi kuwa nyumba yake ni nzuri, hana fahari nayo, ana maneno tu. Na haya, kama tujuavyo, ni katika imani. Kwa miaka mingi kila aliyeingia kisiwa cha Mombasa kwa njia ya bara alipokewa na jaa la Kibarani, moshi na harufu, mpaka lilipofungwa mwaka 2018 na miti ikapandwa. Twajiuliza ni wangapi katika sisi waliopita pale na mgeni garini, nyuso zao zikawaka kwa haya. Wengi tulipandisha vioo tukaendelea kumsimulia mgeni ukale wa mji wetu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate, na katika utungo wake wote hasemi na Mreno wala na Mwarabu wala na jirani. Asema na moyo wake mwenyewe. Sisi tumeyageuza magofu yale kuwa picha ya kuuzia watalii.

Na tusidhani kuwa hatuwezi. Tarehe 28 Agosti 2017 ilipigwa marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa katika Kenya, na adhabu yake ikawa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mifuko ile tuliyodhani haiwezi kuondoka ilitoweka sokoni kwa siku chache. Vikapu vya ukindu vikarudi. Jambo lile lilitufurahisha na lilitutia huzuni pia, kwani kabla yake tulikuwa tukiwaambia watu kwa Kurani na hadithi, wasisikie. Lilipotajwa shauri la milioni walisikia mara moja. Mwenye kumwogopa askari peke yake, askari akigeuka uso humrejea alivyokuwa. Na kweli plastiki za namna nyingine zimekwisha rudi mitaroni.

Lipo lililosalia, nalo ndilo wacha Mungu wengi hulikimbia wakidhani ni siasa. Kusafisha mtaro ni nusu ya fardhi. Nusu ya pili ni kumshika mkono atoboaye chombo, yaani kuwadai hesabu wenye amana zetu. Atakayechukua jembe na asiulize pesa zimekwenda wapi, amewapa raha wezi: wao wala, yeye azoa. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 69 ikamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine katika kuyahifadhi. Haki na wajibu vimekuja pamoja, kama mguu wa kulia na wa kushoto. Na kifungu cha 201 chataka mambo ya fedha za umma yawe ya uwazi na ya kuwashirikisha wananchi. Ndiyo maana kaunti huita watu kabla ya kupitisha makadirio ya mwaka.

Nasi tulikwenda siku moja katika kikao kama hicho, kwa mara ya kwanza, na umri wetu umekwisha pita arubaini. Viti vilikuwa vingi na watu walikuwa wachache, na baadhi yao, kwa jinsi tulivyoona, walikuja kwa ajili ya kivuli. Vitabu vya hesabu viligawanywa. Tulifungua chetu tukakitazama kama asiyejua Kiarabu atazamavyo tafsiri. Aliyetuokoa ni msichana wa mtaani kwetu asomaye uhasibu, ambaye baba yake, tulipokuwa vijana na wenye maneno mengi, tulipata kumwambia kuwa kumsomesha binti mpaka huko ni kupoteza pesa. Mwenyezi Mungu atusamehe. Msichana yule aliweka kidole chake juu ya ukurasa akatuonesha: kwa wadi yetu, kwa mitaro, hapana kitu. Si kwamba zimeibiwa. Hazikuandikwa. Na hazikuandikwa kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyesimama akaziomba. Sisi tulikuwa barazani tukizililia pesa ambazo hazijazaliwa.

Alisimama yeye akazisema, kwa adabu na kwa hesabu, na jina la wadi likaandikwa. Hatujui kama fungu litatoka. Lakini sasa likikosekana tutajua la kuuliza, na wa kuulizwa.

Basi jawabu letu kwa kijana ni hili. Ndiyo, unayo dhambi, kwa kadiri ya khabari uliyonayo na uwezo ulionao, wala si zaidi. Asiyejua, na mgonjwa, na atokaye alfajiri akarudi usiku kwa kutafuta chakula cha wanawe, si kama wewe na sisi. Na waliopokea pesa zako wanayo yao, na yao ni kubwa kuliko yako. Ila hesabu yao haitatiwa katika daftari lako, wala lako halitafutwa kwa kuwa la kwao ni jeusi zaidi. Tulimwambia haya Ijumaa iliyopita. Aliuliza iwapo kwenda kikaoni kwatosha bila ya kushika jembe, kwa kuwa mgongo wake wamuuma. Tulimwambia mgongo ni udhuru wa sharia, basi na achukue kitabu cha makadirio, akakisome na yule msichana mbele ya baba yake, atuletee khabari katika darsa.

Zamu ya wiki ijayo ni ya nyumba tatu za upande wa kisimani. Majembe yamewekwa msikitini, katika chumba cha jeneza, pamoja na yale ya kuchimbia makaburi. Ufunguo uko kwa mwadhini, na atakayeyatumia ayaoshe kabla ya kuyarudisha.